Mviringo wa Chaki Mkononi

Mwanamke mmoja wa Kahawa Wendani alinisimamisha nje ya kanisa Jumapili moja mwezi uliopita, akaniuliza kama ni kweli nilitiwa vijidudu vya kifua kikuu kwenye kibofu cha mkojo ili nipone saratani. Mume wake alikuwa nyuma yake, kofia mkononi, akiutazama mchanga. Nilijua mara moja kwamba mgonjwa ni yeye. Nilimjibu mke kwamba ni kweli, lakini maelezo yake ni marefu kuliko yale tunayoweza kuyamaliza tukiwa tumesimama juani. Nimeyaandika haya kwa ajili ya yule mume. Hakuniuliza chochote, na ninajua vizuri kwa nini.

Nianze na kazi yangu, kwa sababu kazi yangu ndiyo iliyonipotosha. Nilisomea kemia chuo kikuu, na kwa miaka kumi na minane nilisimamia idara ya kutia vitambaa rangi katika kiwanda kimoja cha Thika. Nyumba yangu iko Ruiru, karibu na mashamba ya kahawa. Kazini, kabla ya kuingiza jora zima la kitambaa kwenye tangi, tulikata kipande kidogo, tukakichemsha katika sufuria ndogo yenye rangi ile ile, tukakisuuza na kukikausha. Kisha mimi nilikipeleka dirishani. Nilikuwa na dirisha langu, upande usiopigwa na jua moja kwa moja, na pale nilikiweka kipande kando ya kadi ya rangi, nikatazama, nikasema ndiyo au hapana. Watu mia moja walingoja neno langu. Mara mbili katika miaka hiyo yote, kipande kilikubali na jora likakataa. Hatukupata kujua sababu. Nililiweka jambo hilo kando, kama mtu anavyoliweka kando jambo lisilo na maelezo, na nikaendelea kuyaamini macho yangu.

Kwa hiyo mkojo wangu ulipobadilika, nilifanya kile nilichokizoea. Niliulinganisha. Mara ya kwanza ilikuwa mwanzoni mwa mvua ndefu, watu wakipanda mahindi, na rangi ilikuwa kama ya strungi, chai isiyo na maziwa, iliyopoa. Baada ya wiki mbili ilirudi, safari hii ikikaribia kutu. Ningeweza kuipa nambari kutoka kwenye kadi. Sikusikia maumivu yoyote, na hilo ninamwomba msomaji alikumbuke: halikuuma. Nilijiambia kwamba ni vumbi la rangi za kazini, kwamba ni bitiruti nilizokula, kwamba ni uchovu. Nilikuwa na jina la kila rangi, na majina hayo yalinitosha kwa miezi mitano.

Wairimu, mke wangu, ndiye aliyegundua, kwa sababu ndiye aliyefua. Ni fundi wa nguo. Ana cherehani sebuleni na wateja wengi kuliko viti vya kukalia. Siku hiyo aliniita nyuma ya nyumba, akiwa ameinama juu ya beseni.

"Baba Njeri, hii ni nini?"

"Ni rangi. Ya kazini."

"Rangi ya kazini inaingia kwa nguo ya ndani ikipitia wapi?"

Niliyatazama maji ya beseni.

"Imeanza lini?"

"Wakati wa kupanda."

Aliyatazama mahindi yetu machache kando ya ua, yaliyokwisha kukauka kwenye mabua.

"Wakati wa kupanda," alisema. "Na sasa tunavuna."

Alimwaga maji yale yote kwa mara moja, akaingia ndani, na hakuzungumza nami hadi siku ya pili. Asubuhi hiyo nilipokuwa msalani nilimsikia amesimama nje ya mlango.

"Rangi?" aliuliza.

"Mama Njeri, tafadhali."

"Nimeuliza rangi. Kama hutaniambia, nitaingia."

Nilimwambia. Tangu siku hiyo aliuliza kila asubuhi, neno hilo moja tu, kwa sauti ambayo binti yetu Njeri, aliyekuwa kidato cha nne, alijifanya haisikii. Mtu mzima kuulizwa hivyo mbele ya mtoto wake ni aibu, nami niliichukia. Lakini nilikuwa nimemnyima ukweli kwa miezi mitano, na sikuwa na haki ya kulalamika.

Hospitali nilikotibiwa ilikuwa Thika, nayo sitaitaja. Daktari wa mkojo alitoka Nairobi kila Jumanne, mwanamke mfupi mwenye miwani, asiyependa kurudia maneno. Chumba cha kungojea kilikuwa na mabenchi manne na dirisha moja lililofunguka upande wa mashamba ya mananasi, na upepo ulipovuma ulileta harufu tamu ambayo hadi leo inanichafua moyo. Wagonjwa wa mkojo wanajulikana hata kabla hawajaitwa. Hukaa karibu na mlango.

Walinichungulia kwa mrija wenye taa, wakakuta uvimbe, wakaukwangua, na kipande kikapelekwa maabara Nairobi. Nilingoja wiki tatu. Niliyezoea kuwangojesha watu mia moja kwa sababu ya kipande, sasa nilikuwa mimi ninayengoja, na kipande kilikuwa mimi.

Majibu yalipokuja, daktari aliniuliza kazi yangu. Nilimweleza kuhusu rangi. Aliandika mstari mmoja kwenye faili, akauwekea duara. Kisha akaniambia kwamba uvimbe wangu ni wa aina kali, ingawa bado haujazama kwenye msuli. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kukiondoa kibofu chote, na mkojo utokee kwenye tundu la tumboni, uingie kwenye mfuko ambao nitauvaa maisha yangu yote. Ya pili ni dawa: vijidudu vya kifua kikuu vilivyodhoofishwa, vile vile wanavyochanjwa watoto wachanga, vitiwe ndani ya kibofu mara moja kwa wiki kwa wiki sita.

"Dawa hii haipigani yenyewe," alisema. "Inauamsha mwili wako, na mwili ndio unaopigana. Kuna miili inayoamka, na kuna inayolala tu. Uvimbe wako ni mkali. Siwezi kupoteza miezi nikiubembeleza mwili uliolala."

"Utajuaje?"

"Kwa mkono wako." Aligusa mkono wake wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, pale watoto wetu wote wa Kenya wana kovu la chanjo. Mimi sina kovu hilo. Nilizaliwa nyumbani, na aliyekuwa akichanja hakufika kwetu. "Tutakudunga kidogo chini ya ngozi sasa, kabla ya dawa, na tena baada ya dawa ya sita. Mkono ukilala tena, nitakitoa kibofu mwezi huo huo. Ukiamka, nitakupa miezi mitatu, kisha nitachungulia."

"Kwa hiyo mkono ndio utakaosema."

"Mkono hauapi, Bwana Njoroge. Unadokeza tu. Huko ng'ambo wanatafuta alama ndani ya uvimbe wenyewe, itakayowaambia mapema ni nani dawa hii itamfaa. Bado hawajaipata. Mimi nina sindano na rula."

Nilidungwa siku hiyo. Nilirudi Alhamisi, na Sista Mumbi, muuguzi aliyesimamia chumba cha matibabu, aliushika mkono wangu kwa muda mfupi, akasema, "Umelala fo fo fo," akaandika. Nilikuwa nikitazama nje ya dirisha. Laiti ningetazama alichokuwa akifanya kwa vidole vyake.

Dawa ilianza pamoja na mvua fupi. Mpira mwembamba hupitishwa, dawa inaingia, mpira unatolewa, na kazi yako ni kuibana dawa hiyo kwa saa mbili bila kukojoa, ukijigeuza kila robo saa: chali, ubavu wa kulia, kifudifudi, ubavu wa kushoto, ili ifike kila upande. Niliielewa haraka. Hata kitambaa kisipogeuzwa kwenye tangi hutoka na mabaka.

Kwenye kitanda cha pili alikuwapo Salim, mzaliwa wa Majengo pale Thika, mwenye duka la misumari na mabati. Alikuwa mnene, na kila alipojigeuza kitanda kililia.

"Geuka, Bwana Njoroge," alikuwa akisema, saa ya mkononi mbele ya macho. "Upande huo umeiva."

"Mimi si chapati."

"Wewe ni chapati. Mimi ni mkate wa sinia. Tutaona nani ataungua kwanza."

Sista Mumbi alitukemea kwa kucheka, kwa sababu kucheka na kibofu kilichojaa dawa ni mateso. Wiki ya tatu kicheko kilipungua chenyewe. Nilikojoa kama ninayepitisha pilipili. Usiku na mchana haja ilinijia kila dakika kumi, na nilichotoa hakikuzidi kijiko. Jioni za Jumanne homa ilipanda, meno yakagongana, na Jumatano nzima mifupa ilikuwa kama imepondwa. Nilipungua hadi mkanda ukakosa tundu. Ngozi ya uso wangu ilikuwa na rangi ambayo kiwandani ningeikataa.

Nyumbani tulitengana bila kutaka. Kwa saa sita baada ya kila dawa mkojo wangu ulikuwa na vijidudu hai, hivyo ilinibidi nikojoe nikiwa nimeketi, nimwage dawa ya kung'arisha nguo ndani ya choo, ningoje, ndipo nisafishe. Wairimu alinitengea beseni, taulo na sabuni. Aliyafanya hayo kwa uangalifu wa mtu anayekata kitambaa cha mteja, na mimi, kwa uchovu, niliuona uangalifu huo kama kinyaa. Siku moja nilimwambia hivyo. Alikuwa na pini midomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo.

"Kinyaa?" alisema. "Mimi nimefua nguo zako miaka ishirini. Ungejua kinyaa ni nini, ungenyamaza."

Akarudisha pini midomoni. Watu wa kanisa walikuja kuomba, wakakaa kwenye ncha za viti, wakamaliza chai haraka. Njeri alianza kusomea kwa rafiki yake. Sikumlaumu.

Jumanne ya sita ilipita. Wiki iliyofuata tulidungwa mikono, mimi na Salim, siku moja. "Msikune, msipake kitu, mrudi Alhamisi nisome," alisema Sista Mumbi. Salim aliuinua mkono wake juu kama mtoto anayeulizwa swali darasani. "Amka wewe," aliuambia. "Umelala vya kutosha."

Sasa nifike kwenye kosa langu, na nitalieleza kama lilivyokuwa.

Jumatano asubuhi niliupeleka mkono dirishani. Sebule yetu ina dirisha linalotazama mbali na jua, na ndilo nililochagua tuliponunua nyumba ile. Nilikunja mkono wa shati, nikauweka mkono kwenye kizingiti, nikatazama mahali palipodungwa. Nilitafuta wekundu. Sikumbuki kuambiwa nitafute wekundu. Nililijua tu, kama ninavyojua kwamba kitambaa kilichoshika dawa hubadilika rangi. Hapakuwa na wekundu. Ngozi ilikuwa kahawia ile ile pande zote, kivuli kile kile, bila tofauti ambayo jicho la miaka kumi na minane lingeweza kuiona. Nilitazama tena saa sita. Nilitazama tena Alhamisi asubuhi, nikaulinganisha na mkono wa kulia kama nilivyolinganisha vipande. Zilikuwa rangi moja.

Sikwenda Thika siku hiyo. Nilijiambia kwamba hakuna haja ya kumsumbua Sista asome ukurasa mtupu. Na ukweli wa ndani zaidi ni kwamba nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka kungoja kiasi kwamba jibu baya lililokamilika lilinipendeza kuliko jibu zuri ambalo bado halijaja. Nadhani wagonjwa wengi wataelewa hili, ingawa hawalisemi.

Niliketi mezani, nikamwandikia daktari barua ya heshima. Nilisema kipimo cha mkono hakikuonyesha mabadiliko yoyote, kwamba nimeupokea uamuzi wake, na kwamba niko tayari kwa upasuaji siku atakayopanga. Nilitia sahihi. Nilijisikia mwepesi. Wairimu alikuwa na safari ya Thika kesho yake, kununua zipu na nyuzi, nami nikampa bahasha aipitishe hospitalini.

"Leo ndio siku ya kusomwa mkono," alisema. "Mbona uko hapa?"

"Nimeusoma mwenyewe. Umekataa."

Alikaa. Aliigeuza bahasha mkononi. Nilimwambia, kwa sababu nilitaka kuonekana mtu aliyejipanga, kwamba ningehitaji mashati mapana, marefu kuliko kawaida, yanayoning'inia nje ya suruali, ili mfuko usionekane nitakaporudi kazini. Aliitikia kwa kichwa. Kitambaa cha kaki alikuwa nacho kabatini. Alisimama, akachukua utepe wa kupimia, akaniambia nivue sweta.

Alipima mabega. Alipima kifua, akasikitika kwa nambari aliyoiona, hakuisema. Alipima urefu hadi mapajani. Kisha akaunyoosha mkono wangu wa kushoto, akashika utepe begani kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akauteremsha kufuata mkono, akiutelezesha kwa kidole gumba kama anavyofanya kwa kila mteja. Kidole kilipita kiwiko. Kikasimama.

"Haiya," alisema.

"Nini?"

"Nyamaza."

Aliuacha utepe uanguke. Alirudi nyuma kidogo na kidole, akaja tena taratibu. Alijaribu kutoka upande mwingine. Macho yake hayakuwa kwenye mkono wangu. Yalikuwa ukutani, kwenye kalenda.

"Kuna kitu hapa."

"Hakuna. Nimetazama siku mbili."

"Umetazama," alisema. "Hapa kuna kitu kigumu. Ni kama kifungo chini ya bitana."

"Hakuna rangi yoyote, Mama Njeri."

"Nani amekuambia rangi? Ulisoma mpaka chuo kikuu ndio uje unionyeshe rangi? Lete huo mkono." Alichukua chaki yake bapa ya ushonaji, ya samawati, na huku kidole kikitangulia na chaki ikifuata, alichora mviringo kwenye ngozi yangu. "Hapa kinaanza. Hapa kinaishia. Kesho asubuhi tunaenda wote, na usioge huo mkono."

Niliweka kidole changu ndani ya mviringo. Ndipo nikaihisi, kwa mara ya kwanza, ile sehemu iliyoinuka kidogo na kukaza, kama ngozi ya ngoma. Ilikuwa hapo wakati wote nilipokuwa dirishani.

Sista Mumbi alitupokea kwa uso uliokunjwa. "Nilisema Alhamisi. Leo ni Ijumaa. Mngefika mchana ningewafukuza." Aliukunja mkono wa sweta langu. "Na hii ni nini? Nani amekuchora?"

"Mimi," alisema Wairimu.

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ni fundi wa nguo."

Sista alimtazama, kisha akaufuta mviringo nusu kwa pamba, akaacha nusu. Akatoa kalamu ya bairo. Akafumba macho. Huo ndio utaratibu, nilielewa sasa: wekundu hauhesabiwi, kinachosomwa ni ugumu, na ili macho yasimdanganye msomaji, huyafumba. Aliisukuma kalamu taratibu kwenye ngozi kutoka pembeni hadi ilipozuiwa, akafanya hivyo kutoka upande wa pili, kisha akafumbua macho na kuweka rula kati ya alama mbili. Alama ya bairo ilikuwa imelalia mstari wa chaki.

"Milimita kumi na mbili," alisema. Kisha, kwa Wairimu: "Ukichoka na cherehani, njoo hapa."

Wairimu alifungua mkoba, akatoa bahasha yangu. "Na hii barua nimpe nani?" aliniuliza mbele ya Sista. Niliteremsha mkono wa sweta. Aliirudisha ndani. Niliiona tena wiki iliyofuata, imekatwa kuwa ruwaza ya kola. Lile shati alilimalizia hata hivyo. Alisema kitambaa kilichokwisha kupimwa hakiachwi.

"Mwenzako alikuja jana," Sista alisema tulipokuwa tukitoka. "Wake umevimba kama andazi. Amewaonyesha watu wote wa foleni."

Nilipewa miezi mitatu. Daktari alisema neno moja tu aliposoma faili: "Umeamka." Nilidhani nitafurahi, lakini kilichokuja ni uchovu wa aina nyingine. Kungoja kwa Januari na Februari, vumbi jekundu la Ruiru likiwa juu ya kila kitu, kulikuwa kugumu kuliko homa. Homa ilikuwa na kazi yake. Miezi hiyo haikuwa na kazi. Nilirudi kiwandani kwa nusu siku, na nikagundua kwamba ninavishika vitambaa kabla ya kuvipeleka dirishani, jambo lililowachekesha vijana wangu.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwanzoni mwa Machi, na kahawa ikachanua, mistari na mistari ya maua meupe, harufu yake ikiingia hadi jikoni. Siku hizo za maua ndipo nilipochunguliwa. Nililala chali, nikaisikia ile baridi ya mrija, nikasikia daktari akipumua kwa pua. Alizungusha, akasimama, akazungusha tena.

"Hakuna uvimbe," alisema. "Kuna wekundu mahali dawa ilipochoma. Huo nautaka."

Salim aliingia baada yangu. Nilimngoja nje, karibu na mlango, mahali petu. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alifunga vifungo vya kanzu yake vyote, hata kile cha shingoni ambacho hakuwa akikifunga.

"Uvimbe umerudi," alisema. "Tena umeleta ndugu zake."

"Lakini mkono wako—"

"Mkono wangu ulikuwa andazi, Bwana Njoroge. Wako ulikuwa kifungo." Alijaribu kucheka. "Nenda ukamwambie mkeo nitahitaji lile shati ulilonisimulia."

Nilimuuliza daktari siku nyingine, kwa sababu sikuweza kuivumilia hesabu ile. Nilisema mkono wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu. Alivua miwani. "Najua," alisema. "Nimesoma faili lake." Akaivaa tena miwani. Nilikumbuka yale majora mawili yaliyokataa, nikaona aibu kwamba niliwahi kuyasahau.

Wairimu aliliachia shati lile mbavuni, akaongeza kitambaa kila upande, na Salim alilivaa siku alipotoka hospitalini, baada ya kutolewa kibofu. Kilichomsumbua zaidi ya maumivu ilikuwa sala: aliogopa kwamba mtu anayevuja kila saa hawezi kuwa twahara. Imamu wake alimjibu kwamba atawadhe kwa kila sala na aswali, udhuru wake unakubaliwa, na nilimwona siku ile akirudi kuwa Salim. Mwezi wa Agosti alinialika chai kwenye ile hoteli ya zamani kando ya maporomoko ya Chania. Tulikaa tukitazama maji yakianguka. Alijipapasa ubavuni, juu ya kaki.

"Maji yote haya," alisema, "na hakuna aliyeyafungia mfuko."

Yuko hai ninapoandika haya. Anauza misumari. Hatuulizani kwa nini.

Kwa hiyo, ndugu wa Kahawa Wendani, uliyekuwa ukitazama mchanga: nenda siku uliyoambiwa. Usiusome mkono wako mwenyewe, hasa kama unajiona mjuzi wa jambo fulani. Mpe mtu mwingine aushike. Na mkono ukiamka usijigambe, na ukilala usijione umekufa, kwa maana nimekaa benchi moja na mwenye mkono mkubwa kuliko wangu. Unapojua rangi ya mkojo wako, mwambie mke wako leo. Atakasirika. Acha akasirike.

Mimi nilichunguliwa kila miezi mitatu, kisha kila sita, na sasa ni mara moja kwa mwaka. Kibofu changu ni kidogo kuliko kilivyokuwa. Kimekakamaa kidogo, na sikai mbali na mlango mahali popote. Kila asubuhi kwa miaka hiyo yote nilisikia hatua za Wairimu, kisha lile neno, nami nikajibu "Safi," au "Nyepesi," na mara moja, tulipoogopa wote wawili, "Sijui, njoo uone."

Julai iliyopita, asubuhi yenye baridi na ukungu, nilimaliza msalani, nikavuta maji, nikasimama nyuma ya mlango na jibu langu tayari. Nilingoja. Cherehani ilikuwa ikikimbia sebuleni, inasimama kwenye kona ya mshono, inakimbia tena. Nilingoja hadi miguu ikapata baridi. Mwishowe nilifungua mlango, nikaenda hadi sebuleni.

"Hukuuliza," nilisema.

Cherehani ilisimama. Wairimu aliinua uso, pini mdomoni, mikono ikiwa bado juu ya kitambaa cha mtu.

"Kuuliza nini?"